Mosoriot: Faili la Mgonjwa Lilipoingia Kwenye Kompyuta

Mwanzoni mwa mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilipata kompyuta mbili, na betri za sola za kuziokoa umeme ukipotea. Kabla ya hapo kumbukumbu zilikaa kwenye madaftari makubwa, kila idara na lake. Mama aliyerudi na mtoto baada ya miezi miwili alianza kujieleza upya.

Utaratibu mpya ulikuwa rahisi. Karani wa mapokezi alimwandikisha mgonjwa na kumpa fomu ya karatasi. Mgonjwa alitembea nayo kwa daktari, maabara na dirisha la dawa, na wakati wa kutoka karani aliyaingiza yote kwenye kompyuta. Daktari aliendelea na kalamu yake. Wengi husifu mashine. Mimi nawasifu makarani hao, maana bila wao kompyuta ingebaki pambo. Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi, William Tierney wa Indiana, Marekani, na wenzao walipima muda: ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22, na dakika za mhudumu kwa kila mgonjwa kwa asilimia 58.

Mwaka huohuo wa 2001 mradi wa AMPATH ulianza kutibu watu wenye VVU mjini Eldoret. Mwenye malaria hutibiwa akaenda zake. Anayetumia dawa za VVU (ARV) atarudi kliniki maisha yake yote, na kila anaporudi daktari anahitaji kujua alianza dawa gani, lini, seli zake za kinga, CD4, zilikuwa ngapi, na kama alishaugua TB. Wagonjwa wakawa maelfu, na mfumo wa Mosoriot, ambao mradi uliutumia, ukaelemewa.

Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret wakaona heri kujenga upya. Wakishirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini, wakaunda OpenMRS, programu huria isiyolipiwa. Kiini chake ni kamusi: uzito, kikohozi, CD4, kila kimoja kina ingizo lake, hivyo kliniki ikitaka kuuliza jambo jipya huongeza ingizo bila kubomoa mfumo. Mwaka 2006 ilianza kazi Eldoret na pia Rwinkwavu, Rwanda. Programu ya KenyaEMR, inayotumika leo katika kliniki nyingi za serikali ya Kenya, imejengwa juu yake.

Lakini kuhifadhi si kutibu. Watafiti wa Eldoret wakaanza kuchapa muhtasari wa kila mgonjwa na kuuweka kwenye faili kabla hajaonwa, ukiwa na ukumbusho: kipimo cha CD4 kimechelewa. Katika matokeo ya 2011, kliniki yenye ukumbusho iliagiza kipimo kwa asilimia 53 ya waliostahili; isiyo nao, asilimia 38. Karibu nusu bado waliondoka bila kuagiziwa kipimo, na hilo linauma. Kwa watoto tofauti ilikuwa kubwa zaidi: matokeo ya 2013 yalionyesha kwamba palipokuwa na ukumbusho, asilimia 68 ya huduma zilizochelewa zilikamilishwa, dhidi ya asilimia 18 pasipokuwa nao.