George Town: Mji wa mahekalu na maakuli unaoondokewa na wenyewe

MGENI anayezuru George Town, makao makuu ya jimbo la Penang nchini Malaysia, huhitaji chini ya nusu saa kupita kwa miguu mbele ya nyumba za ibada za imani nne.

Mwanzoni mwa barabara ya Masjid Kapitan Keling, ambayo enzi za Waingereza iliitwa Pitt Street, pana kanisa la Kianglikana la St George's lililokamilika mwaka 1818. Mbele kidogo, moshi wa udi hufuka mchana kutwa kutoka hekalu la Guanyin, mungu wa kike wa huruma anayeabudiwa na Wachina. Katika barabara jirani ya Queen limesimama hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, la mwaka 1833, ambalo mnara wa lango lake umejaa sanamu zilizopakwa rangi za kila aina. Hatimaye hutokea msikiti wa Kapitan Keling, ulioasisiwa mwaka 1801 na Waislamu kutoka India Kusini.

Waongozaji wa watalii huiita Barabara ya Upatanifu. Jina hilo lapendeza, ila laweza kumfanya mtu adhani kwamba wakazi wa awali walifika hapa wakitafuta upatanifu. Walifika wakitafuta riziki.

Mnamo Agosti 1786, Francis Light, nahodha aliyeitumikia kampuni ya Waingereza ya East India, alikitwaa kisiwa hicho kilichokuwa chini ya Sultani wa Kedah na kufungua bandari isiyotoza ushuru. Habari zilienea upesi. Wahokkien walitoka Fujian, Watamil wakavuka Ghuba ya Bengal, nao Wamalay, Wasiamu, Waburma, Waarmenia na Waarabu hawakubaki nyuma. Jamii kubwa ziliwekewa kiongozi aliyeitwa kapitan, na kila moja ikajenga mahali pake pa ibada karibu na maghala na maduka yake. Ujirani wa msikiti na hekalu, basi, ulitokana na ufinyu wa mji na wingi wa mali bandarini.

Msomaji wa Lamu au Mombasa atajihisi nyumbani zaidi katika barabara ya Acheh. Msikiti wake wa mwaka 1808 ulijengwa na Tengku Syed Hussain, tajiri kutoka Aceh aliyekuwa wa ukoo wa Waarabu wa Hadhramaut, kule kule walikotoka mababu wa masharifu wengi wa pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi, mahujaji walikusanyika katika mtaa huo kusubiri meli za kuwapeleka Jeddah.

Si kwamba amani ilidumu siku zote. Mnamo Agosti 1867, vyama vya siri vilipigana mjini humo kwa takriban siku 10. Ajabu ni kwamba safu za mapigano hazikufuata rangi wala dini: chama cha Wachina cha Ghee Hin kiliungana na kundi la Waislamu la Bendera Nyeupe, nao wapinzani wao wa Toh Peh Kong, Wachina vilevile, wakashirikiana na Waislamu wa Bendera Nyekundu. Karibuni zaidi, Machi 1998, mzozo kuhusu hekalu la Kihindu lililokuwa jirani na msikiti huko Kampung Rawa ulizusha ghasia.

Hata hivyo, ni chakula kinachoeleza vyema zaidi jinsi watu hawa wanavyoishi. Nasi kandar, wali unaomwagiwa michuzi mbalimbali ya bizari, ulianza kama chakula cha vibarua wa bandarini. Nasi ni wali, na kandar ni mti wa kubebea mizigo begani, yaani mzega. Mchuuzi, Mtamil Mwislamu, alining'iniza chungu cha wali upande mmoja na vyungu vya mchuzi upande wa pili, akazunguka nao mitaani. Siku hizi mzega umetoweka lakini jina limesalia, na walaji bado husisitiza michuzi imwagwe hadi ichanganyike yote sahanini.

Wachina nao wana char koay teow, tambi bapa za mchele zinazokaangwa kwa moto mkali pamoja na kamba, kombe na mayai. Asam laksa ni tambi katika mchuzi wa samaki uliotiwa ukwaju, ukapambwa kwa mnanaa, tango na nanasi. Asubuhi watu hula roti canai, ndugu wa chapati za Pwani, na kunywa teh tarik, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kikombe hadi kikombe, mkono mmoja juu na mwingine chini, hadi itoe povu. Kungumanga pia hazikosekani, maana kisiwa hicho kilikuwa na mashamba yake. Hapa hata nyama ya tunda hutengenezewa kinywaji.

Mengi ya maakuli haya hupatikana katika mikahawa iitwayo kopitiam, ambako mwenye nyumba huuza vinywaji tu na kukodisha nafasi kwa wapishi kadhaa. Si kweli, lakini, kwamba kila mtu hula na kila mtu. Vibanda vinavyotumia nyama au mafuta ya nguruwe huepukwa na Waislamu, nao Wahindu wengi hawagusi nyama ya ng'ombe. Kila mmoja anajua mpaka wa jirani yake na hahitaji kukumbushwa.

Nje ya kitovu cha mji, hekalu la Wathai lenye sanamu ya Buddha aliyelala yapata mita 33 linatazamana na la Waburma. Huko Air Itam, pagoda ya Kek Lok Si, iliyokamilika mwaka 1930, ina msingi wa Kichina, kiwiliwili cha Kithai na kilele cha Kiburma.

Kinachotishia mchanganyiko huu si ugomvi wa dini. Ni kodi ya nyumba. Kwa miongo kadhaa, sheria ilizuia wenye majumba yaliyojengwa kabla ya mwaka 1948 kupandisha kodi wapendavyo. Hivyo mshonaji, mtengeneza vijiti vya udi na mpika tambi waliweza kuishi orofani na kufanya kazi chini, barazani. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997, na ulinzi wake ukakoma kabisa mwanzoni mwa 2000. Familia nyingi zilihama. Baadhi ya nyumba zilizibwa madirisha na kugeuzwa mazizi ya ndege wadogo wanaofanana na mbayuwayu, ambao viota vyao vya mate huuzwa ghali kwa wapenda supu.

Mnamo Julai 2008, Unesco iliorodhesha George Town, pamoja na Melaka, kuwa turathi ya ulimwengu. Ndege waliamriwa kuondolewa. Walioingia mahali pao ni wenye hoteli na mikahawa ya watalii, hasa baada ya michoro ya ukutani ya Ernest Zacharevic kupata umaarufu mwaka 2012. Majengo yameokolewa, wapangaji wa zamani hawajarudi.

Tangu 2016, serikali ya jimbo imewakataza wageni kupika vyakula vya asili vibandani, kwa hofu kwamba ladha itapotea. Agizo hilo linashangaza kidogo katika mji ambao takriban kila chakula chake kililetwa na mhamiaji. Vilevile haliwapi vijana wa Penang sababu ya kusimama mbele ya karai la moto usiku kucha.

Kwenye magati ya koo za Kichina, ambako nyumba za mbao zimesimama juu ya nguzo baharini, magati mawili yalibomolewa mwaka 2006, miaka miwili tu kabla ya Unesco kufika. Katika gati la ukoo wa Chew, lililosalia, familia bado huishi humo, na milangoni wametundika vibao vya kuwaomba watalii wasipige picha ndani.