Baiskeli katika Historia ya Barabara ya Arua na Koboko

Historia ya West Nile imezoea kuandikwa kwa majina ya askari. Msomaji anayetafuta habari za Arua na Koboko hukutana kwanza na Idi Amin, kisha mipaka ya kikoloni, kisha wakimbizi. Mambo hayo yalitokea na yana uzito wake. Hata hivyo, yanawaacha kando watu waliokuwa wengi zaidi: mkulima, kibarua na mchuuzi waliopita barabara hiyohiyo na mizigo yao. Insha hii inawatafuta watu hao kupitia chombo walichokitumia, yaani baiskeli. Nadai kwamba baiskeli ilikuwa miongoni mwa mashine za kwanza ambazo kaya ya kawaida ya West Nile iliweza kuzimiliki. Kwa kuwa haikuhitaji mafuta wala dereva wa kuajiriwa, ilibeba uchumi wa eneo hili hata pale serikali ilipokuwa mbali, ilipogeuka adui, au ilipoanguka.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mpaka wa Uganda na Kongo upande huu unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji: mvua inayonyesha magharibi yake huishia mto Kongo, na ile ya mashariki huishia Nile. Arua iko karibu na mgongo huo, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kwenda Koboko, yenye urefu wa kilomita 55 hivi kupitia Maracha, inaelekea kaskazini, ilhali vijito vinateremka kwenda mashariki. Kwa hiyo barabara inavikata vijito, na kila kijito kina mteremko wake na mwinuko wake. Mwendesha baiskeli hapandi mlima mmoja mkubwa. Anapanda vilima vingi, na urefu alioupata kwa jasho anaupoteza kwenye bonde linalofuata. Pembeni inasimama milima ya Wati na Liru, ambayo simulizi za Walugbara huihusisha na mashujaa waasisi, Dribidu na Jaki. Mtu mwenye mzigo mzito hushuka na kusukuma. Kusukuma ni sehemu ya safari katika nchi hii.

Biashara ya baiskeli duniani ilikuwa na uhusiano na mtawala wa eneo hili kabla eneo lenyewe halijaitwa West Nile. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo, na katika miaka iliyofuata mahitaji ya mpira yalipanda sana Ulaya na Marekani, kwanza kwa ajili ya baiskeli, baadaye magari. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitajirika kwa mpira uliokusanywa Kongo kwa shuruti na mateso. Mwaka 1894 mfalme huyohuyo alikodishwa na Waingereza eneo la Lado, ambalo ndani yake zilikuwamo Arua na Koboko za leo. Lado ilijulikana zaidi kwa pembe za ndovu kuliko mpira. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba tairi lililokuja kuwarahisishia kazi watu wa eneo hili lilikuwa limewatesa majirani zao. Leopold alifariki mwaka 1909, Lado ikaingizwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mwaka huohuo Arua ilianzishwa kuwa makao ya wilaya.

Chini ya Waingereza, West Nile ilifanywa chimbuko la nguvukazi. Wanaume waliingia jeshini au walivuka Nile kwenda kulima pamba Buganda na kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana mbali na nyumbani. Kibarua aliyefanikiwa kuweka akiba alirudi na vitu vichache vilivyoonekana: nguo, blanketi, na kwa mwenye bahati, baiskeli. Neno lenyewe linaonyesha njia za biashara zilivyopishana. Waganda huiita baiskeli “eggaali”, neno lenye asili moja na “gari” letu la Kiswahili, na asili hiyo ni India. Pale ambapo Mswahili wa pwani alilipa jina hilo gari la kukokotwa na baadaye motokaa, Mganda alilipa chombo ambacho mtu wa kawaida angeweza kukinunua.

Kibarua aliporudi nyumbani, baiskeli iliacha kuwa ishara ya mshahara na ikaanza kazi. Huko Ufaransa na Italia, watu husafiri kwa baiskeli katika vilima vya mizabibu kwa ajili ya starehe, na barabara ikiwa kimya ndivyo wanavyofurahi. Zao la biashara la vilima vya West Nile ni tumbaku. Majani yaliyokaushwa yalifungwa mafurushi yakawekwa kwenye keria hadi kituo cha kununulia. Ukimya wa barabara hapa ulikuwa na maana nyingine: ulimaanisha kwamba lori halipiti. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, lakini haikuendelea hadi Arua. Mkulima wa Maracha au Koboko hakuweza kusubiri gari ambalo huenda lisingefika. Keria iliimarishwa kwa vyuma, fremu ikaongezwa nguvu, na baiskeli iliyobuniwa kubeba mtu mmoja ikawa punda wa chuma.

Uthabiti wake ulijaribiwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, na mtandao wa maduka yaliyoingiza baiskeli na vipuri vyake ukavunjika. Bidhaa za viwandani ziliadimika nchi nzima, na neno la Kiswahili “magendo” likawa la Waganda wote. West Nile, iliyopakana na Zaire na Sudan, iliishi kwa kuvusha bidhaa mipakani. Lori lingezuiwa kwenye kizuizi, lakini baiskeli ilipita kwenye vichochoro. Kwa hiyo hata nyumbani kwa rais, mkoa uliosemwa kupendelewa na serikali, raia wengi waliendelea kujitegemea kwa miguu yao na pedeli zao.

Vita vilipofika hapa mwaka 1979, na hasa mapigano na visasi kuanzia Oktoba 1980, watu wengi mno walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Wengi walikimbia kwa miguu, na hapa hatuna budi kukiri kwamba baiskeli haikuokoa kila mtu. Lakini waliporudi katikati na mwishoni mwa muongo huo, walikuta miji imeharibiwa, na biashara ilifufuliwa kwa mizigo midogo midogo. Soko la Ariwara ng’ambo ya mpaka lilikuwa kitovu. Mafuta ya magendo yalivushwa kwa madumu na kuuzwa kando ya barabara za Arua na vijana walioitwa “OPEC”. Jina hilo lina kejeli: nchi za OPEC zina visima, vijana hawa walikuwa na madumu tu.

Kuna pingamizi moja ambalo historia ya aina hii haiwezi kulikwepa. Baiskeli kwa kawaida ilikuwa mali ya mwanamume. Mwanamke aliendelea kubeba kuni, maji na mihogo kichwani, wakati mwingine kwenye barabara ileile ambayo mumewe alipita kwa magurudumu. Tumbaku iliyofika kituoni kwenye keria ilikuwa imepaliliwa na kuchumwa kwa mikono ya wanawake pia, lakini aliyefika kituoni kupokea fedha alikuwa mwenye baiskeli. Kwa hiyo tunapoisifu baiskeli kwa kumpa mtu wa kawaida uhuru, lazima tuulize ni mtu gani huyo. Baiskeli ilipunguza umbali kati ya mkulima na soko. Haikupunguza kwa kiwang’o kilekile umbali kati ya mwanamke na fedha.

Katika muongo wa 2010 barabara ya kutoka Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, iliwekwa lami. Urefu wake wote ni kilomita 92 hivi, na kipande cha Arua hadi Koboko kimo ndani yake. Usafiri umekuwa wa haraka na bei ya nauli inajadiliwa na waendesha bodaboda. Jina bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli za kuvusha abiria mpakani Busia, ingawa leo wengi wakilisikia huwaza pikipiki tu. Malori ya kwenda Juba yanapita kwa kasi, na mwenye baiskeli husogea ukingoni.

Hivyo barabara imeboreshwa, na aliyeitumia muda mrefu kuliko wote amebaki na nafasi ndogo zaidi juu yake. Hilo halitoshi kuwa sababu ya kulaumu lami, kwa maana mgonjwa anafika hospitali mapema zaidi kuliko zamani. Linatosha kuwa sababu ya kuandika. Mafundi baiskeli wa Arua, Maracha na Koboko wanajua fremu zipi zilidumu, vipuri vilipatikanaje wakati wa uhaba, na mizigo gani ilipita wakati gani. Wakulima wazee wa tumbaku wanajua safari ya kwenda kituoni ilichukua saa ngapi. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna lugha inayoeleweka na wengi wao, kwa kuwa ilienea huku kupitia kambi za jeshi na masoko ya mpakani. Tuitumie kuwahoji wao, pamoja na wanawake waliotembea kando yao, wakati bado wapo wa kutujibu.