Faranga za Nyumbani, Shilingi za Nakivale

Noti walizovuka nazo Wanyarwanda wa kwanza kukimbilia Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, zilikuwa na jina la benki iliyokuwa ikikaribia kufa. Hadi mwaka 1960 Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, ilitumia faranga moja na Kongo ya Wabelgiji, na noti zake zilitolewa na benki kuu ya pamoja. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni mwaka huo, ushirika ule ukavunjika. Rwanda na Burundi zikapewa benki yao ya kutoa noti, nayo ikadumu miaka minne tu. Mwaka 1964 kila nchi ikashika faranga yake. Aliyekimbia machafuko ya Rwanda mwaka 1959 na akiba yake, akakaa Ankole, eneo hilo la Uganda, akingoja nyumbani kutulie, alikuwa akikalia karatasi zilizokuwa zikipoteza mdhamini wake.

Ardhi ya Nakivale, kando ya ziwa lenye jina hilo, ilitengwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Leo iko katika Wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea wanaishi humo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Mgeni anayeshukia Entebbe na kadi ya benki hutia kadi kwenye mashine akapata shilingi. Waliofika Nakivale katika miaka hii yote zaidi ya 60 walizipata shilingi kutoka mikononi mwa watu. Kila mara mambo yaliyoamua yalikuwa mawili: kama noti yako bado inapokelewa, na kama yupo anayekutambua.

Upande wa Uganda mambo yalikuwa shwari wakati ule. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa 1919, ilikuwa imeondoa rupia ya Kihindi na kuleta shilingi iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 1936 Zanzibar pia. Mfanyabiashara wa Mbarara aliweza kwenda Bukoba au Kisumu na kununua chakula kwa sarafu ileile yenye simba na milima. Hakuhitaji kubadilisha chochote. Mwenye faranga ndiye aliyekuwa mgeni, na kwa wengi waliovuka na mifugo, ng'ombe ndiye aliyekuwa fedha iliyoeleweka pande zote mbili za mpaka.

Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1966, na shilingi za nchi tatu zikatengana. Kwa miaka michache ziliendelea kubadilishana moja kwa moja. Kisha zikaja enzi za Idi Amin. Mwaka 1972 aliwafukuza wafanyabiashara wenye asili ya Asia, waliokuwa nguzo ya maduka ya miji kama Mbarara. Bidhaa zikaadimika, kahawa ikavushwa kwa magendo, na shilingi ikawa na bei mbili, ya benki na ya kibanda, yaani ya soko lisilo rasmi. Ya benki ilikuwa ya kwenye karatasi. Ya kibanda ndiyo iliyonunua sukari. Februari 1979, katika vita dhidi ya Amin, majeshi ya Tanzania yaliiteka Mbarara, na mji ukaharibiwa vibaya. Mwaka 1981 serikali ya Obote iliiachia shilingi itafute bei yake sokoni, ikaporomoka.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1982, Wanyarwanda wengi walifukuzwa kutoka vijiji vya Ankole walikokuwa wamekaa miaka mingi. Wapo waliosukumwa kurudi Rwanda, na wapo waliosukumwa kwenye makazi, Nakivale ikiwemo. Mifugo iliporwa. Nalitaja hili katika makala ya fedha kwa sababu ng'ombe wale ndio waliokuwa akiba yao, na hakuna benki iliyowarudishia.

Lililowafikia wote, wenyeji na wageni, lilikuwa agizo la Mei 1987. Serikali mpya ya Museveni ilileta shilingi mpya moja kwa kila shilingi 100 za zamani, ikakata kodi ya asilimia 30 juu ya ubadilishaji. Tupige hesabu. Mwenye shilingi 100,000 angestahili 1,000 mpya. Aliondoka na 700. Mwenye shamba, nyumba au ng'ombe aliguswa kidogo, maana mali yake haikuwa ya noti. Aliyekatwa kwa ukamilifu ni yule ambaye kila alichokuwa nacho kilikuwa taslimu, na mtu wa makazi ya wakimbizi, asiyeweza kuuza ardhi aliyopewa kulima, alikuwa mmoja wao. Lengo lilikuwa kuzima mfumuko wa bei. Mfumuko haukuzimika kwa agizo hilo, lakini akiba zilikuwa zimekwisha kukatwa.

Hatua iliyofungua njia kweli ilikuja Julai 1990, serikali iliporuhusu maduka ya kubadilisha fedha za kigeni. Ilikuwa ni kuihalalisha ile bei ya kibanda: mtu alileta dola zake, hakuulizwa amezitoa wapi, akapewa shilingi kwa bei ya soko. Naiona hatua hiyo kuwa kati ya maamuzi bora ya uchumi yaliyowahi kufanywa nchini humo, kwa sababu ilikubali kwamba watu walikuwa na akili kabla ya sheria kuwafikia. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 2004 ikaweka utaratibu wa leseni. Kwa mtu wa Nakivale, Mbarara ndiyo ikawa mji wa chenji. Unapanda teksi asubuhi, unauza dola mjini, unarudi na shilingi na labda gunia la unga. Asiye na nauli humwuzia noti mwenzake makazini kwa bei ya chini, na yule huzikusanya hadi safari ya mjini ilipe.

Lakini sheria haimsaidii mwenye noti iliyouawa na serikali yake mwenyewe. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, serikali iliyoshindwa ilikimbia Rwanda na fedha za nchi. Mapema mwaka 1995 serikali mpya ya Kigali ilibadilisha noti kubwa, na zilizokuwa nje ya mpaka zikapoteza thamani. Lengo lilikuwa kuwanyima wauaji mtaji, na ni vigumu kulilaumu. Hata hivyo noti haina alama ya kuonyesha nani aliua na nani alikimbia na watoto.

Wakongomani wana simulizi ndefu zaidi ya noti zilizowaponyoka. Desemba 1979 Mobutu, rais wa Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, alifuta noti za zaire 5 na 10 na kuwapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Januari 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, na Kinshasa ikawaka moto. Mwaka huohuo zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Mzazi aliyeona hayo yote huwaambia watoto waweke dola, na ndivyo Kongo ya mashariki ilivyofika hapa ilipo: faranga za nyanya na mkaa, dola za kodi ya nyumba na akiba.

Dola nayo ina masharti yake. Noti ya 100 au 50 iliyo mpya hupata bei nzuri. Noti ya 1, 5 au 10 hupata bei pungufu kwa kila dola. Iliyochanika pembeni, iliyochorwa kwa kalamu au yenye mwaka wa zamani hukataliwa, au huchukuliwa kwa bei ya huruma. Marekani yenyewe inazipokea noti zake zote, za juzi na za miaka ya 1950. Anayeadhibiwa kwa mkunjo wa noti ni mtu aliyeificha kwenye kiatu siku tatu za kutembea hadi Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda. Huu ni uonevu, na umezoeleka mno hata hakuna anayeulalamikia.

Wasomali walikuja na njia nyingine. Benki kuu yao ilisambaratika mwaka 1991, nao wakaendelea na hawala. Mtu wa Minneapolis anamkabidhi wakala dola. Ujumbe unafika Kisenyi, mtaa wa Wasomali jijini Kampala, na mpokeaji anatajiwa jina, namba ya simu na jambo la kumtambulisha. Analipwa, na mawakala wawili wanamalizana baadaye kwa bidhaa au kwa hesabu za pamoja. Hakuna noti inayovuka bahari. Dahabshiil, kampuni kubwa ya kazi hii, ilianzishwa na Mohamed Said Duale huko Burao mwaka 1970. Vita vya kaskazini mwa Somalia vya 1988 vilimfukuza hadi Ethiopia, akaijenga upya akiwahudumia wakimbizi wenzake. Ukubwa wa tegemeo hilo ulionekana tarehe 7 Novemba 2001, Marekani ilipoifunga Al-Barakaat, kampuni nyingine ya hawala, kwa tuhuma za ugaidi. Familia zisizohusika na lolote zilikosa fedha za mwezi, na miaka mingi baadaye kampuni hiyo ikaondolewa kwenye orodha ya vikwazo.

Machi 2009 MTN ilianzisha huduma ya fedha kwa simu Uganda, miaka miwili baada ya M-Pesa ya Kenya. Hatimaye mtu aliweza kutumiwa shilingi na ndugu wa Kampala au wa Ulaya akazitoa kwa wakala jirani, pasipo kwenda Mbarara. Lakini laini ya simu ilidai kitambulisho. Usajili ulipokazwa mwaka 2017, wakimbizi wengi walibaki na laini za majina ya watu wengine, na mwenye jina ndiye mwenye fedha. Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu laini kusajiliwa kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Katikati, Julai 2018, serikali ilitoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu. Baada ya malalamiko makali ikashushwa hadi nusu asilimia, na kwenye kutoa fedha tu. Nusu hiyo humwangukia pia anayetoa kidogokidogo ili ale.

Miaka hii ya karibuni imeonyesha kwamba mambo ya zamani hayajapita. Februari 2020 Benki Kuu ya Burundi ilifuta leseni za maduka ya kubadilisha fedha, na Mrundi aliyetaka kuvuka na kitu akarudi kwa mtu wa barabarani hadi maduka yaliporuhusiwa tena mwaka 2022. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, mashariki mwa Kongo, benki zikafunga, na taslimu ikawa bidhaa ya kununuliwa: mwenye salio kwenye simu alikatwa sehemu yake ili apewe noti mkononi. Mei mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilisitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Posho za fedha taslimu ndizo zilizokuwa zikileta shilingi nyingi kwenye masoko ya makazi, na sasa nafasi ya posho hizo imebaki kwa ndugu wa mbali.

Basi kwako unayetuma: tuma kwa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho cha mpokeaji, herufi kwa herufi, na ukimpa mtu dola abebe, mpe za 50 au 100 zilizonyooka. Kwa wenye mamlaka Kampala, anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi naye anakula kila siku. Apewe mapema karatasi itakayomwezesha kusajili laini kwa jina lake mwenyewe, na wenye leseni za kubadilisha fedha Mbarara wahimizwe kufungua matawi Nakivale, yanunue faranga pamoja na dola, zikiwemo zilizokunjwa.