Stanley: jina la kijiji lililofika mpaka Kongo

Wazee wetu wanakumbuka miaka ambayo Kisangani iliitwa Stanleyville na Lubumbashi iliitwa Elisabethville. Elisabeth alikuwa malkia wa Ubelgiji. Na Stanley? Wengi tunamjua yule mzungu aliyeshuka na mto Kongo, basi. Kumbe kabla ya kuwa jina la mtu, lilikuwa jina la mahali.

Katika Kiingereza cha zamani stan ni jiwe, na leah ni pahali palipofyekwa katikati ya pori. Uingereza kuna vijiji kadhaa vyenye jina hilo, kule Staffordshire, Derbyshire, Durham na Yorkshire. Baada ya Wanormandi kuiteka nchi mwaka 1066, watu walianza kidogo kidogo kuwa na majina ya ukoo. Wenye ardhi walichukua majina ya mashamba yao. Lakini mtu wa kawaida? Ndani ya kijiji cha Stanley hakuna faida ya kumwita mtu "wa Stanley", maana wote ni wa hapo. Anaitwa hivyo siku anapohama, akifika kwa watu wanaomwuliza ametoka wapi. Kwa hiyo majina mengi ya namna hii yalianza kama majina ya watu waliotoka kwao.

Stanley wa Kongo hakuzaliwa hata na jina hilo. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Alipofika New Orleans, Marekani, alichukua jina la mfanyabiashara mmoja, Henry Hope Stanley. Yaani jina lililobandikwa kwenye maporomoko, mlima na mji wetu lilikuwa la kuazima! Wakongo walimpa la kwao, Bula Matari, mvunja mawe. Jiwe tena, na hakuna aliyepanga. Baadaye Bula Matari likawa jina la serikali ya kikoloni yenyewe, ile ya kodi na fimbo.

Mwaka 1966 Mobutu aliyafuta majina ya wakoloni kwenye miji. Sisi tukarudia jina la mto wetu, Lubumbashi. Mwaka 1972 akageukia watu: akina Joseph na Marie waache majina ya kizungu, watafute ya mababu. Mlima Stanley, kule Rwenzori mpakani na Uganda, bado unaitwa hivyo.

Kwetu hapa Katanga jina linaloonyesha asili limewahi kuwa hatari. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengine walizaliwa huko huko, na Kasai hawakuijua hata njia yake. Waliambiwa warudi "kwao". Mimi sijasikia Mwingereza yeyote anayemwambia mwenye jina la Stanley arudi Stanley.

Na majina ya namna hiyo yanazaliwa hata leo katika mji wetu. Familia zilizokimbia vita kutoka Mitwaba, Manono na Pweto, majirani wanaziita kwa jina la kule zilikotoka. Mtoto aliyezaliwa Ruashi mwaka jana tayari ni "wa Pweto", na ziwa Moero hajaliona.