Kubadilisha lenzi ya kamera

Kubadilisha lenzi ya kamera ni kitendo cha kutoa lenzi moja na kufunga nyingine kwenye kamera inayoruhusu hivyo. Kwa muda huo sehemu ya ndani hubaki wazi, na vumbi likitua kwenye sensa huacha madoa katika picha zinazofuata, yakionekana zaidi kwenye anga.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoa wa Lindi, Tanzania, hatari hiyo huongezeka wakati wa kiangazi, magari yanapotimua vumbi kwenye barabara za udongo. Mpiga picha huzima kamera, huingia ndani ya nyumba, huelekeza mdomo wa kamera chini na kufunga haraka lenzi iliyokwisha kuandaliwa. Vumbi lililoingia huondolewa kwa pampu ndogo ya mkono. Kupuliza kwa mdomo hurusha mate kwenye sensa.