Bangi ya Tiba, Usonji na Maumivu Sugu: Hoja Inavyoonekana Kutoka Dirma

Katika Afrika Mashariki, mjadala wa bangi ya tiba umeingia kupitia mlango wa biashara kabla haujafika wodini. Rwanda iliidhinisha kilimo chake mwaka 2020 kwa lengo la kuuza nje, na huko Kasese nchini Uganda bangi imelimwa kwa leseni kwa ajili ya soko hilohilo. Tanzania imeshikilia katazo la sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na mashamba ya Arumeru, mkoani Arusha, yamekuwa yakiteketezwa. Mgonjwa wa Dirma, kata ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, ambaye tiba ya rufaa huifuata hospitali ya Haydom wilayani Mbulu, hanufaiki na njia yoyote kati ya hizo mbili, na ndiyo maana hoja hii inafaa kupimwa kwa mahitaji yake.

Kuhusu usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto na wenzake, ushahidi bado ni mwembamba. Jaribio la Israeli lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusisha washiriki 150 wenye umri wa miaka 5 hadi 21, waliopewa ama dondoo la mmea mzima wa bangi lenye kanabidioli nyingi, kemikali isiyolevya, ama kemikali za bangi zilizosafishwa, ama kimiminika kisicho na dawa. Kipimo kikuu kilichotokana na majibu ya wazazi hakikuonyesha tofauti ya maana, ingawa katika tathmini ya madaktari asilimia 49 ya waliopewa dondoo la mmea mzima walipata nafuu kubwa ya tabia za vurugu, dhidi ya asilimia 21 ya waliokosa dawa. Matokeo hayo yanastahili utafiti zaidi. Hayatoshi kumshauri mzazi ampe mtoto wake majani yaliyochemshwa, ambayo kiasi cha tetrahidrokanabinoli, kemikali inayolevya, hakuna anayekijua.

Juu ya maumivu sugu, yaani yanayodumu zaidi ya miezi mitatu, wataalamu wenyewe wamegawanyika: Akademia za Kitaifa za Marekani zilihitimisha mwaka 2017 kwamba ushahidi kwa watu wazima ni wa kutosha, ilhali Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilikataa mwaka 2021 kuunga mkono matumizi ya jumla.

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa kifafa, nao ndio unaopotoshwa kwa urahisi. Marekani iliidhinisha kanabidioli safi mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa cha nadra cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Katika wilaya jirani ya Mbulu, hata hivyo, tafiti zimeonyesha kuwa tegu wa nguruwe, ambaye mabuu yake yanaweza kukaa katika ubongo wa binadamu na kuleta degedege, ameenea katika mifugo ya vijijini, na kifafa cha namna hiyo si kile kilichojaribiwa. Kinachohitajika kwanza hapa ni choo, ukaguzi wa nyama na fenobabitoni, dawa ya kifafa, isiyokatika, mambo ambayo hayamvutii mwekezaji yeyote.

Wanaotetea bangi husema kwamba sheria ndiyo kikwazo, na Desemba 2020 Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, uliiondoa bangi katika jedwali kali zaidi la Mkataba wa 1961. Ilibaki, hata hivyo, katika Jedwali la Kwanza, ambamo mofini nayo imo tangu mkataba huo uanze. Mofini ya kunywa hutolewa Tanzania kwa wagonjwa wa saratani chini ya udhibiti huohuo, na ubora wake kwa maumivu makali haubishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni kama itafika zahanati iliyo mbali na lami. Kwa hiyo kanabidioli iliyopimwa ikisajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ipite njia ya mofini, kwa cheti cha daktari na daftari la kumbukumbu, na aliyeshindwa kuifikisha chupa ya mofini Dirma aeleze ya kanabidioli ataifikishaje.