Daktari Aliyeuliza Kazi ya Mgonjwa



Ukija zahanati na kikohozi tutakuuliza: kimeanza lini? Unatoa makohozi? Unatokwa na jasho usiku? Hayo ni maswali ya kutafuta kifua kikuu, na ni ya lazima. Lakini liko swali moja ambalo sisi wahudumu hulisahau, na leo nitakueleza aliyetufundisha.

Ni Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia aliyezaliwa mwaka wa 1633. Siku moja mjini Modena alimwona mtu akisafisha shimo la uchafu nyumbani kwake mbio mbio, kama anayefukuzwa. Akamuuliza, mbona hupumziki? Yule mtu akajibu kwamba akizidisha muda wa saa nne shimoni, macho yatamwuma na baadaye atapofuka. Daktari akayatazama, akayakuta mekundu. Akakumbuka ombaomba vipofu wa mjini waliowahi kufanya kazi hiyo hiyo.

Tangu hapo hakuona haya kuingia karakana za watu wa chini. Mwaka wa 1700 akatoa kitabu kuhusu magonjwa ya kazi takriban 40, na sura ya kwanza ni ya wachimba madini. Hata sisi wakunga tumo! Wachonga mawe, aliandika, huvuta vumbi wakapata kikohozi na pumu. Akawaambia madaktari: ukiingia kwa maskini, keti hata kwenye kigoda, kisha uulize pia, unafanya kazi gani?

Nami nakiri. Kijana mmoja wa hapa Ronge nilimpa dawa ya kikohozi mara tatu, nisijue kwamba miaka yote hiyo alikuwa akichimba vito huko tambarare. Vumbi la mawe yenye silika huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona, na mwenye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kwa hiyo makohozi kukosa viini hakumalizi maneno. Huenda eksirei ikahitajika.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Wewe unayejichimbia mwenyewe huna wa kumdai, basi lowesha mwamba kwa maji kabla ya kutoboa.

Na ukija, nikisahau kukuuliza, nitajie mwenyewe: ulichimba wapi, miaka mingapi.